Barua Iliyosomwa Sokoni Jericho kwa Sauti

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, nilipomkuta Mzee Njoroge ameketi nyuma ya pazia la kibanda cha mama yangu katika soko la Jericho, amejifunga leso ya maua mekundu kiunoni, akisubiri suruali yake. Ilikuwa suruali ya harusi. Mpwa wake alikuwa anaoa kesho yake, na asubuhi ile mzee aligundua kwamba kiuno chake na kiuno cha suruali vilikuwa vimeacha kupatana. Mama alikuwa ameufumua mshono wa nyuma ili aongezee kipande cha kitambaa, na kwa hiyo mzee hakuwa na pa kwenda. Mtu mzima aliyevaa leso ya maua hawezi kuzunguka sokoni. Alikaa, akanywa chai, akatoa kichwa nje ya pazia kila mara kumjibu aliyemsalimu. Nasema bila mzaha kwamba kazi yangu ya kwanza niliipata kwa sababu mzee huyo alikuwa amenenepa.

Lakini nisikimbie. Ngoja kwanza nikueleze nilivyokuwa.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimehitimu stashahada ya ushonaji katika chuo kimoja hapa Nairobi, na kwa mwaka mzima nilikuwa nimesambaza barua za kuomba kazi bila kupata jibu hata la kukataliwa. Kukataliwa kungekuwa afadhali, maana aliyekataliwa angalau amesomwa. Mjomba wangu, aliyekuwa na kinu cha kusaga mahindi kule Bungoma, alikuwa amempigia mama simu na kusema kwamba mwezi ukiisha kabla sijapata kazi, nirudi nyumbani nikamsaidie. Hakuna aibu katika kusaga mahindi, na mjomba alikuwa mtu mwema. Ila nilikuwa nimesomea nguo, nilizipenda nguo, na nilijua kwamba nikipanda basi la Bungoma nitashuka nikiwa mtu mwingine.

Wiki ile ya mwisho likatokea tangazo kwenye lango la kiwanda kimoja cha nguo katika eneo la viwanda, upande wa kuelekea Mukuru kwa Njenga. Walimtaka mkaguzi mmoja wa nguo zilizoshonwa. Barua zingepokelewa mpaka Ijumaa saa sita mchana. Nililiona Jumatano. Alhamisi asubuhi nikaenda mtaa wa Umoja, kwa kijana mmoja aliyeitwa Brayo, aliyekuwa na duka la kompyuta na sifa ya kuandika barua za kazi vizuri kuliko mtu yeyote katika mitaa yetu.

Nilikuwa nimejiandikia ukurasa wangu kwa kalamu. Brayo aliusoma, akaukunja mara mbili, akaniangalia kwa huruma.

"Siste, hii umeandika ni kama unaongea na shosho, nyanya yako wa kijijini."

"Kuna kosa?"

"Hakuna makosa. Hapo ndipo shida iko, kila mtu anaelewa. Mabosi wanataka Kizungu kizito, siste. Wakisoma wasikie kizunguzungu, wajue wamepata mtu." Kisha akaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Na hii ya kibanda cha soko utoe. Unataka wakucheke?"

Nami, mwanangu, niliutoa. Niliutoa haraka kuliko ninavyopenda kukiri. Chuoni kulikuwa na wenzangu waliowaita watu kama sisi watoto wa soko, na tangu hapo nilikuwa nimejifunza kusema kwamba mama yangu "yuko kwenye biashara" na kugeuza mazungumzo. Brayo akafungua barua aliyoiita barua mama, akafuta jina la mtu mwingine, akaandika langu, na mashine ikaitoa. Kilikuwa Kiingereza kirefu, kinachong'aa. Nilitembea kurudi Jericho nikiwa nimeibana bahasha kifuani kana kwamba nimebeba cheo chenyewe.

Nyumbani kwetu kulikuwa na desturi moja. Barua ya kazi haikutoka mkononi mwetu kabla mama hajaiombea. Aliiweka juu ya meza ya cherehani, akaifunika kwa kiganja, akafumba macho na kuomba kwa Kibukusu, sauti yake ikipanda na kushuka mpaka majirani waseme amina. Barua zote za mwaka ule zilikuwa zimepita chini ya kiganja hicho. Basi siku hiyo nikafika, nikamsalimu Mzee Njoroge nyuma ya pazia lililomsitiri, nikaiweka bahasha mezani. Mama akaacha sindano, akanyoosha mkono.

"Mama Nekesa, ngoja kidogo," mzee akasema kutoka nyuma ya pazia. "Unaomba nini?"

"Naombea barua ya mtoto."

"Hilo nimelisikia. Nauliza, ndani kumeandikwa nini?"

"Mzee, mimi nitajulia wapi? Ni ya Kizungu."

"Basi aisome kwa Kiswahili. Mungu anajua Kizungu, sina wasiwasi naye. Lakini wewe unayeomba, inafaa ujue unamwambia nini."

Nilicheka, nikidhani ni utani wa mtu aliyechoka kusubiri. Hakuwa akitania. Pazia lilifunguka, akatoka na leso yake, akaketi juu ya gunia la vitambaa vilivyobaki, miguu mitupu. Ni lazima ujue kwamba mzee huyu alikuwa amefanya kazi kiwandani tangu ujana wake mpaka kustaafu, na kwa miaka mingi alikuwa nyapara wa chumba cha kushonea. Hata akiwa amevaa leso, akisema jambo, watu walilifanya.

Nikaifungua bahasha. Nikaanza kutafsiri, na hapo ndipo nilipotambua kwa mara ya kwanza kwamba sikuwa nimeielewa barua yangu mwenyewe. Nilijikongoja hivi: "Mimi ni mtaalamu mahiri mwenye ari isiyo na kifani, niliyejitolea kuutumia weledi wangu wa kimkakati katika mazingira yanayobadilika kwa kasi, ili kuleta thamani ya kudumu kwa taasisi yenu tukufu..."

"Ai! Huyo anatafuta kiti cha ubunge!" akapaza sauti Mama Wanjiru, aliyeuza vitunguu kibanda cha pili. "Nekesa, ukishinda usitusahau. Sisi tunataka tu choo cha soko kirekebishwe."

Soko zima la upande ule likaangua kicheko. Hata mimi nilicheka, ingawa masikio yalikuwa yakiwaka moto. Aliyekosa kucheka ni mama. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, kama anavyofanya akisikiliza kama cherehani ina kasoro.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena. Safari hii nilifika mwisho, kwenye shukrani na unyenyekevu wangu usio na mipaka.

Mzee akamgeukia. "Mama Nekesa, kwa hayo uliyoyasikia, huyu msichana anajua kufanya nini?"

Mama alifikiri kwa dhati. Hakutaka kuniumiza, na hakutaka kusema uongo. "Nimesikia sifa," akasema hatimaye. "Nimesikia sifa nyingi, na nimefurahi. Lakini sijasikia kazi hata moja." Akaipapasa meza, akang'oa uzi uliokuwa umenasa kwenye ukingo. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, si kwa kunilaumu, kwa kutaka tu kujua: "Na hapa kibandani, kwani hukuwa ukifanya kazi? Mbona sisi hatumo?"

Mwanangu, nimekemewa mara nyingi maishani, na wakati mwingine na watu wenye madaraka makubwa. Hakuna kemeo lililowahi kunifikia ndani kama swali lile. Tangu nikiwa darasa la tano nilikuwa nimeketi kwenye kibao kilichokuwa kando ya cherehani kila Jumamosi na kila likizo. Karo yangu ilitoka kwenye sare zilizopita mikononi mwangu. Nami nilikuwa nimelifuta jambo hilo lote kwa sababu kijana wa Umoja aliniambia nitachekwa.

"Nilidhani watanidharau, mama," nikasema.

Mzee Njoroge ndiye aliyejibu, na hakupandisha sauti.

"Sikiliza, msichana wangu. Barua kama hizi zilikuwa zikiletwa kwangu mashine zikinguruma, na mtu amesimama pembeni akinionyesha shati lililoharibika. Nilizisoma nikiwa wima. Sikuwa mtu mbaya, nilikuwa mtu mwenye haraka. Aliyeniambia anajua kufanya nini, nilimwita. Aliyenihutubia, nilimweka kando, nikijiambia nitamrudia nikipata nafasi." Akakaza leso yake. "Sikuwahi kupata nafasi. Inawezekana nilikosa watu wazuri sana, na lawama ni yangu nusu. Nusu nyingine ni yao, kwa kujificha nyuma ya maneno ambapo sikuweza kuwaona."

Kisha akaniambia nimweleze yeye, si mkubwa wa kiwanda, ni nini mikono yangu ilikuwa imefanya.

Nikaanza kwa kusitasita. Nikamwambia kwamba kila Januari, shule zinapofunguliwa, mama hushona na mimi hukagua. Hakuna sare iliyotoka kibandani kabla sijaigeuza ndani nje. Nikamweleza juu ya lile gombo la kitambaa cha buluu lililotuletea rangi mbili, mwanzo wake umekoza na mwisho wake umepauka, na jinsi nilivyolibeba hadi kwenye jua nikamzuia mama kabla hajalitia mkasi. Kama angelikata, watoto wa shule nzima wangevaa mashati yenye mgongo wa rangi moja na kifua cha rangi nyingine.

"Kweli kabisa!" Mama Wanjiru akadakia. "Siku hiyo alipiga kelele mpaka nikafikiri ameona mwizi."

"Andika hivyo," mzee akasema.

"Niandike nilipiga kelele?"

"Andika uliona kosa kabla ya kitambaa kukatwa. Kelele waachie majirani."

Nikachukua karatasi ya kaki tunayokatia vipimo, nikapiga magoti mbele ya kibao, na kazi ikaanza. Usidhani ilikuwa kazi nyepesi. Nilikuwa nimezoea kuandika ili nionekane, na kuandika ili nieleweke kulinitoa jasho. Niliandika kwamba nilikuwa nikisimamia shughuli za ushonaji. Mzee akauliza nilimsimamia nani.

"Mama," nikasema.

Hapo mama alicheka mpaka akajifunika uso kwa suruali ya mzee apanguse machozi. "Mimi! Anisimamie mimi! Mzee, mwambie aandike jinsi nilivyomfukuza na rula siku aliposhona mfuko juu chini."

"Andika ulisaidiana naye," mzee akaamua. "Hiyo inatosha, na siku wakimwita mama yako kumuuliza, hatakuaibisha."

Nilimsihi aniachie angalau lile neno la "tukufu", kwa heshima. Akakataa. Akasema heshima kwa mtu mwenye haraka ni kutompotezea wakati. Mwishoni akanitaka niandike pia upungufu wangu: kwamba sikuwahi kufanya kazi kiwandani. Tulibishana sana juu ya mstari huo. Niliona kwamba nitakuwa nimejifungia mlango kwa mkono wangu. Yeye akaniambia kwamba watalijua siku ya kwanza nitakapoingia, na afadhali walisikie kwangu.

Barua ilipokamilika ilikuwa fupi kiasi kwamba nilimaliza kuisoma kabla chai ya mzee haijapoa. Ilisema hivi: "Naomba nafasi ya mkaguzi wa nguo. Nimesomea ushonaji chuoni kwa miaka miwili. Tangu utotoni nimesaidiana na mama yangu katika kibanda chetu cha kushona sare za shule katika soko la Jericho, na kazi yangu ni kukagua kila nguo kabla mwenyewe hajaichukua. Naweza kuona mshono uliopinda, tundu lisilolingana na kifungo, na kitambaa chenye rangi mbili. Wakati mmoja niliona kosa la rangi kabla gombo zima halijakatwa. Sijawahi kufanya kazi kiwandani, lakini najifunza upesi na niko tayari kuanza wakati wowote."

Niliisoma kwa sauti. Hakuna aliyecheka. Mama Wanjiru alisema tu, "Sasa huyo ndiye Nekesa." Mama akaweka kiganja juu ya ile karatasi ya kaki, akaomba, na safari hii maombi yake yalikuwa na mishono, vifungo na rangi mbili ndani yake. Alijua anachokiomba. Majirani waliitikia amina, naye mzee akaitikia kwa nguvu kuliko wote, kisha akauliza kwa upole kama kuna yeyote anayeikumbuka suruali yake.

Asubuhi ya Ijumaa nilikuwa mlangoni kwa Brayo kabla hajafungua. Nilikuwa nimeirudisha barua katika Kiingereza, na Kiingereza chake kilikuwa kimelainika, kwa kuwa sasa nilijua ninachosema. Akaitazama.

"Siste, hii ni barua ama ni meseji?"

"Ni barua, Brayo. Chapa."

Akachapa huku akitikisa kichwa kama mtu anayemuaga mgonjwa. Nikaenda kwa miguu hadi kiwandani, nikaiacha langoni kabla ya saa nne.

Jumanne wakanipigia simu, wakaniita kiwandani. Mkuu wa ukaguzi alikuwa mama mwembamba, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Barua yangu ilikuwa mkononi mwake, na pembeni yake lundo la barua nyingine. Aligusa lile lundo. "Hizi naona zimeandikwa na mtu mmoja mwenye majina mengi," akasema, na nikaitambua barua mama ya Brayo hata kabla sijaisogelea. Hakuniuliza ndoto zangu wala udhaifu wangu. Alitandika mashati matatu mezani akasema, "Umeandika kwamba unaona rangi mbili. Nionyeshe."

Chini ya taa ya ofisi yote matatu yalikuwa meupe sawasawa. Kisha mikono yangu ikafanya ilichozoea: niliyabeba hadi dirishani, nikayageuza kwenye mwanga wa jua, nikayakunja bega kwa bega. Shati la pili, mkono wa kulia, ulikuwa umetoka kwenye gombo jingine. Tofauti ilikuwa ndogo kama kivuli cha uzi.

"Nani alikufundisha kwenda dirishani?"

"Mama yangu. Sokoni."

Akavaa miwani yake, akasoma tena mstari mmoja wa barua yangu, akaivua. "Jumatatu, saa moja na nusu. Ukichelewa nitampigia mama yako."

Mwanangu, sikumbuki nilivyotembea kutoka pale. Nakumbuka tu kwamba nilianza kupaza sauti nikiwa bado kwenye duka la mbao, mbali na kibanda chetu, na kwamba Mama Wanjiru aliacha vitunguu vyake vikiviringika akanikimbilia na vigelegele. Wanawake wa soko walinizunguka, wengine bila kujua ni kwa nini, wakacheza tu kwa kuwa wenzao walikuwa wakicheza. Mtu alileta soda. Mama alisimama nyuma ya cherehani yake, futi ya kupimia shingoni, akingoja kelele zipungue. Aliponishika mikono hakuniuliza nitalipwa nini wala nitaanza lini.

"Pale palipoandikwa Jericho," akasema, "walipasoma?"

"Hapo ndipo walipoanzia, mama."

Siku hiyo alifunga kibanda saa tisa mchana, jambo ambalo halikuwahi kutokea, tukaenda nyumbani tumeshikana mikono kama wasichana wa shule.

Sasa, mwanangu, mimi ndiye ninayeletewa barua mezani, na mimi pia huzisoma nikiwa wima. Siku hizi simu zenu ndizo zinazowaandikia, na zinaandika vizuri kumshinda Brayo. Lakini bado nakutana na yule mtu mmoja mwenye majina mengi, na bado namweka kando nikijua kwamba nyuma yake huenda amejificha kijana ambaye ningempenda. Hilo hunisononesha. Ndiyo maana nimekuketisha leo.

Unapoomba kazi, sema umefanya nini, umefanyia wapi, na nini kilitokea kwa sababu ulikuwepo. Tumia maneno ambayo ungeyatumia mbele ya mtu anayekufahamu, kisha msomee mtu huyo kwa sauti. Asipoelewa mstari, usimlaumu, ufute. Usijiongezee cheo, kwa kuwa utatakiwa kukivaa. Usilione haya jambo usilolijua, litaje na useme uko tayari kulisoma. Na zaidi ya yote, usimfute aliyekufundisha kwa sababu hakuwa na ofisi. Kuandika waziwazi si ufundi wa kalamu peke yake. Ni adabu kwa anayesoma na ni uaminifu kwa waliokulea, na kijana anayeanza kazi yake kwa uaminifu huo ameanza vyema, awe amepata nafasi ile au ameikosa.

Nenda basi ukaandike. Mungu akupe ujasiri wa kuwa mtu anayeonekana. Barua yako imfikie msomaji siku ambayo macho yake hayajachoka, na jina lako litamkwe kwa furaha katika chumba ambacho hujawahi kuingia. Mikono yako isikose kazi, na kazi yako isikose heshima. Amina, mwanangu, na amina tena.